Naomba ushauri: mdogo wangu ana miaka 17, anataka urubani

Habari zenu wakuu. Mdogo wangu amemaliza shule na hataki kusikia kingine zaidi ya kurusha ndege za abiria. Usiku anakaa na chati za viwanja, anafuata kwa kidole mkondo wa kutua hadi kwenye njia ya kurukia. Nia anayo kweli, nami nataka nimsaidie.

Kwa viwango vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, leseni ya rubani binafsi inaanzia miaka 17, ya biashara 18, na ile ya juu kabisa, ya kuwa kapteni wa ndege kubwa za abiria, miaka 21 na saa 1,500 za kuruka. Umri basi si kikwazo. Kinachoniumiza kichwa ni hapo katikati: akishapata leseni ya biashara na saa zake 200 hivi, hizo nyingine anazipata wapi? Afundishe wanafunzi, au kuna mashirika yanamchukua moja kwa moja awe rubani msaidizi?

Kupima afya daraja la kwanza, kile kipimo cha marubani wa biashara, naona kutangulie ada, maana macho au moyo vikigoma, pesa imeshakwenda. Mliopita huko, aanze sasa hivi au asome digrii kwanza?