Je, sheria imruhusu mama kukabidhi kichanga bila kutaja jina lake?

Mkazi wa Uyole
Ndugu zangu, habari za jioni. Mwezi Juni, alfajiri yenye baridi ya kwetu Mbeya ambayo wote mnaijua, wapakiaji wa viazi walisikia mtoto akilia nyuma ya magunia. Alikuwa amefungwa kitenge ndani ya boksi la sabuni, na kitovu kimekazwa kwa uzi wa kushonea. Alipona, lakini mtaa mzima ulishughulika kumsaka mama, na sikusikia mtu akiuliza mama huyo angempeleka wapi. Nimesoma kwamba jimbo la Texas, Marekani, lilitunga sheria mwaka 1999 inayomwondolea mashtaka mzazi anayekabidhi kichanga mahali kama hospitali au kituo cha zimamoto, na kwamba kufikia mwaka 2008 majimbo yote 50 yalikuwa na sheria ya aina hiyo. Je, ingetufaa, au ingewazoesha watu kuacha watoto?

Wakili wa Forest
Mama anayetelekeza mtoto huweza kushtakiwa kwa Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, na sheria zetu hazimpi kinga ya wazi yule aliyemwacha mlangoni mwa hospitali. Ndiyo maana anayeogopa huchagua giza. Badala ya Texas, mimi ningetazama Namibia, ambako sheria ya malezi na ulinzi wa mtoto ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika mwaka 2019, inamkinga mzazi anayemwacha mtoto mahali kama hospitali au kituo cha polisi.

Umri nao uandikwe. Wenzetu wa jimbo la Nebraska, Marekani, walisahau mwaka 2008, wakaandika "mtoto" tu, na wazazi wakaanza kupeleka vijana waliokwishabalehe, wengine kutoka majimbo ya mbali, hata bunge likaitwa mwezi Novemba kuweka ukomo wa siku 30. Ugumu wetu mkubwa zaidi ni kwamba Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kuwajua wazazi wake, na haki hiyo haikai pamoja na kulificha jina la mama milele.

Mkunga Mstaafu, Iringa
Mwanangu Wakili, umesema vyema, ila ninyi wote mnaanza hadithi mtoto akiwa tayari yuko kwenye boksi. Uzi wa kushonea unaniambia kwamba binti yule alijifungua peke yake. Niliwahi kumpokea dada wa kazi za ndani aliyekuja siku ya tatu akitetemeka kwa homa, akisisitiza kwamba ni tumbo tu, kumbe kipande cha kondo la nyuma kilibaki ndani. Sheria ya kukabidhi mtoto isingemfikia huyo kabla damu haijamwisha.

Halafu, usiri gani huo kijijini, ambako muuguzi wa zahanati ni shangazi yake, na zahanati yenyewe hufungwa alasiri? Ningependa utaratibu wa Ujerumani wa tangu mwaka 2014: mama hujifungulia hospitalini kwa jina la kubuni, jina lake halisi hufungiwa kwenye bahasha, na mtoto akifika miaka 16 anaweza kuomba kulijua. Hapo na ile haki aliyoitaja Wakili inapata mahali pa kukaa.

Baba wa Mafinga
Shikamoo mama. Mbona hadi sasa hakuna aliyemtaja mwanamume? Boksi lile lina baba, naye hakusakwa hata siku moja.

Wakili wa Forest
Ni kweli, ndugu. Tena kinga ya namna hii isiwe kisingizio cha kumpokonya mtoto baba aliye tayari kulea. Ustawi wa Jamii wapewe muda wa kutafuta ndugu kabla mtoto hajaasiliwa.

Mkazi wa Uyole
Asanteni nyote, na shikamoo mama Mkunga. Katika barua ninayomwandikia mbunge wetu nilikuwa nimependekeza kila zahanati ipokee watoto. Sasa nimefuta, nikaandika hospitali na vituo vya afya vyenye zamu ya usiku, mbali na kata anayoishi mama akitaka hivyo. Ukomo wa siku 30 nimeuweka, na bahasha pia. Naomba Wakili anisaidie kifungu cha baba, maana nimekiandika mara mbili na bado kinasomeka kama vitisho.