Mjadala: Asiyemtazama askari machoni ana hatia?

Mkaazi wa Langoni: Assalamu alaykum jamaa. Juzi hapa Lamu iliibwa injini ya boti, na mpwa wangu akaitwa kituoni kwa kuwa hushinda gatini. Ana miaka 19, ana usonji (autism). Nilikaa naye. Yeye macho kwenye pangaboi, vidole vikigonga ukingo wa meza: vitatu, kimya, vitatu tena. Akaulizwa, "Wewe uliichukua?" Akajibu, "Wewe uliichukua." Ndivyo alivyo, swali hulirudia kwanza ndipo alitafute jibu. Askari akaona anarudishiwa maneno, sauti ikapanda. Kijana akaziba masikio, na hilo nalo likaonekana ni dalili. Injini ilikuja kupatikana kwa mtu mwingine kabisa. Na hebu niambieni, tangu lini mtoto wa Kiamu akamkodolea macho mkubwa wake? Sisi tumefunzwa kuinamisha!

Askari mstaafu: Pole ndugu yangu. Lakini tuseme kweli, hakimu hafungi mtu kwa sababu ya macho. Macho hukuonyesha pa kuanzia tu. Enzi zangu kazini, mwongo nilimjua akiingia mlangoni.

Mkaazi wa Langoni: Kwa heshima, mzee wangu, uliowapatia unawakumbuka, uliowakosea hawakurudi kukwambia. Mwaka 2006 watafiti Bond na DePaulo walijumlisha majaribio mengi ya kumtambua mwongo. Watu walipatia kama mara 54 katika 100. Ukirusha shilingi unapata 50! Na hapo "pa kuanzia" ndipo penye balaa, maana ukishamshuku mtu hata akikohoa utasikia uongo. Sheria yetu ya Ushahidi yataka ungamo lichukuliwe na jaji, hakimu, au polisi wa cheo kilichotajwa na sheria, na mtu aliyechaguliwa na mshukiwa awepo. Sawa. Lakini yale maswali ya kwanza je, kabla hata ya ungamo? Uingereza mtu kama mpwa wangu, isipokuwa kwa dharura, hahojiwi mpaka apatikane mtu mzima wa kumsimamia, asiye polisi.

Mama wa Shela: Mimi wangu nimemtilia kijikaratasi mfukoni: "Nina usonji. Nisemeshe polepole. Mpigie mamangu." Kitasomwa?

Askari mstaafu: Mimi ningekisoma, mwanangu. Wa zamu ya usiku siwezi kuwaapia.