Hirizi za Misri ya kale: dundumavi wa moyo ni yupi, na rangi ya jiwe ina kazi gani?

Msomaji_wa_Kale: Wakuu, kwenye picha za hirizi za Misri ya kale naona dundumavi (mdudu anayeviringisha mavi) wa aina tatu: mdogo, mkubwa mwenye maandishi tumboni, na mwenye mabawa. Maana yao ni moja? Na rangi ya jiwe ina kazi au ni urembo tu?

Mchonga_Mawe: Asili yao ni moja: Khepri, mungu wa jua linalochomoza, kwa hiyo wote wanabeba kuzaliwa upya. Kazi ndizo tofauti. Yule mdogo, wa sentimita 1 hadi 2, mara nyingi ni wa jiwe la sabuni, ametobolewa toka kichwani hadi mkiani apitishwe uzi. Walio hai walimvaa, na wengi walimtumia kama mhuri.

Mkubwa ndiye dundumavi wa moyo, na huyu ni wa marehemu. Wamisri waliuacha moyo ndani ya maiti kwa kuwa ndio uliotunza akili na kumbukumbu, na ndio ungepimwa mizanini dhidi ya unyoya wa Maat, mungu wa kike wa ukweli na haki. Hofu yao ni moyo kumchongea mwenyewe mbele ya mahakama. Ndiyo maana tumboni mwa hirizi huchongwa sura ya 30B ya Kitabu cha Wafu (mkusanyiko wa maneno ya kumlinda marehemu), inayousihi moyo usisimame kumshuhudia vibaya. Tazama pale panapotakiwa jina la marehemu: kwa baadhi pako wazi, maana karakana zilichonga kabla mnunuzi hajapatikana.

Mwenye mabawa ni wa zama za mwishomwisho, wa fayansi. Vitundu vya pembeni ni vya kumshonea kwenye wavu wa shanga kifuani.

Bint_Nile: Rangi si urembo hata kidogo. Sura ya 30B inataka jiwe la kijani, rangi ya mmea mbichi. Sura ya 156 inataka fundo la Isis, hirizi ya mungu wa kike mke wa Osiris, liwe la jiwe la yaspi nyekundu, na maneno yake yanaanza kwa kuitaja damu ya Isis. Ya 155 inataka hirizi ya nguzo iitwayo djed, uti wa mgongo wa Osiris, mungu wa wafu, iwe ya dhahabu, itungwe kwenye nyuzi za mkuyu na kuwekwa shingoni siku ya mazishi. Wasio na uwezo walitumia fayansi.

Msomaji_wa_Kale: Shukrani. Fayansi ni udongo wa mfinyanzi?

Mchonga_Mawe: Hapana. Ni mchanga wa kwatzi uliosagwa, zaidi ya asilimia 90, na chokaa kidogo, magadi au majivu ya mimea, na shaba ya kuleta rangi ya feruzi. Bonge likikauka, chumvi hupanda juu kama unga mweupe. Kwenye tanuri la nyuzijoto 800 hadi 1000 unga huo huyeyuka kuwa ng'ao, yaani tabaka linalong'aa kama kioo. Ukiugusa kabla ya kuchoma, alama ya kidole hubaki bila ng'ao. Na bonge lenyewe halivutiki, ukilipinda linapasuka, ndiyo maana hirizi nyingi zilikandamizwa kwenye kalibu za udongo uliochomwa.