Majarida ya muziki ya watu wa makamo (Mojo, Uncut, Songlines n.k.): tupeane uzoefu wa kununua, kusoma na kutunza

Zilipendwa78

Wakuu, salaam. Kuna kundi la majarida ya Uingereza ambayo hayahangaiki na vijana kabisa: Mojo (1993), Uncut (1997), Classic Rock (1998), Record Collector, na kwa sisi wa rumba na taarabu, Songlines (1999). Msomaji wao mvi zimeshaingia, santuri anazo ndani, na albamu aliyonayo tayari yuko radhi kuinunua tena ikitoka na sauti iliyosafishwa upya. Q ndilo lililofungua njia hiyo mwaka 1986, CD ziliposhika kasi, na lilifungwa 2020. The Word lilidumu kuanzia 2003 hadi 2012. fRoots, lililoandika sana habari za muziki wa Afrika, lilisimama 2019.

Naomba tuweke hapa mambo ya vitendo tu: kulipia, kusoma uhakiki, kutafuta matoleo ya nyuma, kutunza. Simulizi za "enzi zetu" zina uzi wake.

Mnyamwezi wa Leeds

Anza na tarehe ya kwenye kava, maana ndiyo inayochanganya wengi. Toleo lililoandikwa Oktoba mara nyingi huwa dukani Agosti. Muuza magazeti huondoa rafuni chochote kinachoonekana kimepitwa na wakati, kwa hiyo mchapishaji husogeza tarehe mbele ili jarida libaki bichi mpaka linalofuata lifike. Halafu Classic Rock na Record Collector hutoa matoleo 13 kwa mwaka, kwa hiyo ukihesabu kwa miezi utapotea. Ukiagiza toleo la nyuma, tumia namba ya toleo, usitumie mwezi.

Ukijua hilo, kutafuta tanzia au makala ya msanii kunakuwa rahisi. Chukua tarehe ya tukio, ongeza miezi miwili, anzia hapo, kisha tazama matoleo mawili yanayofuata. Bi Kidude alifariki 17 Aprili 2013: anza na toleo la Juni, endelea Julai na Agosti. Remmy Ongala alifariki 13 Desemba 2010: anza Februari 2011, maana Desemba mitambo ya uchapaji huwahi kufunga kazi kwa ajili ya sikukuu na habari nyingi husukumwa mbele. Majina nayo yatafute kwa tahajia zote. Mwinshehe utamkuta pia kama Mwinyshehe, na utafutaji wa kompyuta hauna huruma kwa herufi moja.

Muuzaji wa mtandaoni akiweka picha ya kava yenye mng'ao wa taa, mwombe picha ya msimbo wa mistari (barcode). Tarakimu 977 mwanzoni zinaonyesha ni chapisho la mfululizo. Zile ndogo za pembeni kulia ndizo zinazotofautisha toleo na toleo.

KavaGumu

Kuhusu kulipia. Aliyeko Uingereza atumie makato ya moja kwa moja benki, ya kila mwezi au kila robo mwaka. Kulipa mwaka mzima kwa mkupuo kunapunguza bei, lakini majarida haya hufa au huuzwa ghafla. Angalia Classic Rock: wachapishaji Future waliliuza pamoja na ndugu zake kwa kampuni ya TeamRock mwaka 2013 kwa pauni milioni 10.2. TeamRock ikaanguka Desemba 2016, na Januari 2017 Future wakayanunua tena kwa pauni 800,000. Aliyekuwa amelipia mbele alikaa wiki kadhaa bila kujua kama pesa yake bado ina mwenyewe.

Usijidanganye kwamba kadi ya mkopo itakulinda kila mara. Kifungu cha 75 cha sheria ya mikopo ya 1974 hushika bidhaa ya zaidi ya pauni 100, na ada ya mwaka ya majarida mengi haifiki hapo. Kinachobaki ni kuomba benki irudishe muamala, na hilo lina muda wake maalumu. Jarida likifungwa, mchapishaji mara nyingi hukuhamishia kwenye jarida dada. Hulazimiki kukubali; andika barua pepe uombe kiasi kilichobaki.

Aliyeko Dar, Mombasa au Muscat: kabla ya kulipa, uliza kama nakala za nje huja na CD, maana si zote. Uliza pia kama hufungwa kwa plastiki au karatasi. Bahasha ya karatasi ikinyeshewa masika, basi.

Fundi Sindano

Mimi naona kava na ile makala ndefu ya kurasa kumi ndiyo sehemu dhaifu ya majarida haya. Wanazungusha wasanii walewale, na kila albamu ikifikisha miaka 40 au 50 wanapata kisingizio. Thamani iko nyuma, kwenye uhakiki wa kazi zilizotolewa upya. Hapo ndipo pesa yako inapookolewa au kupotea, na pana namna ya kupasoma.

Kwanza alama. Mojo na Songlines hutumia nyota tano, Uncut hutoa alama kati ya kumi. Nyota nne za Mojo na 8 za Uncut ni maneno yaleyale: kazi nzuri, mpenzi wa msanii anunue. Nyota tatu kwenye toleo jipya la kazi ya zamani mara nyingi ina maana muziki ni safi lakini nyongeza ni za kujazia, kwa hiyo kama nakala ya awali unayo, tulia. Songlines huchagua albamu kumi kila toleo chini ya jina Top of the World, na nyimbo za humo ndizo huingia kwenye CD yao. Ukiwa na dakika tano tu, soma hizo.

Pili, mstari mdogo chini ya jina la albamu: lebo, na muundo kama 3CD (CD tatu) au 2LP (santuri mbili). Nyimbo 14 zilizotoshea santuri moja zikija kwenye 2LP, mfuo (njia ya sindano) umepewa nafasi na sauti inaweza kuwa kubwa zaidi. Dakika 30 kwa upande mmoja wa santuri ni nyingi mno: mifuo inabanana, besi inapunguzwa kwa makusudi, na nyimbo za mwisho karibu na kitovu hukwaruza.

Tatu, chanzo cha sauti, ambacho wahakiki wengi hukipita haraka. Tafuta kama imetajwa kwamba kazi imetoka kwenye mikanda ya awali au kwenye santuri. Kwa muziki wetu chanzo mara nyingi ni santuri, maana mikanda imepotea au imeoza. Santuri nyingi za bendi za Tanzania zilichapwa Nairobi, na nakala safi zimebaki chache. Kunakili kutoka santuri si dhambi, mradi waseme. Shida huja kwenye kusafisha: wakiondoa mikwaruzo kupita kiasi, matoazi na kayamba hupoteza makali na sauti ya mwimbaji huwa kama imezibwa na blanketi. Mhakiki akisifu kwamba rekodi "imetulia" kupita kawaida, sikiliza sampuli kwanza. Mfululizo wa albamu za Zanzibara wa lebo ya Buda Musique nauweka upande mzuri, kwa sababu vijitabu vyake vinaeleza bendi, miaka na mazingira.

Nne, mono au stereo. Rekodi za miaka ya 60 zilizogeuzwa stereo kwa ujanja wa umeme ni za kukwepa. Sauti nzito husukumwa upande mmoja, nyembamba upande wa pili, na mara nyingi huongezwa mwangwi.

Na kitu ambacho jarida halikuambii: mhakiki huandika wiki kadhaa kabla, mara nyingi kwa faili alilotumiwa. Santuri yenyewe hajaigusa. Nyota tano hazisemi chochote kuhusu kupinda, kelele au tundu lililotoboka pembeni ya kitovu. Kwa hayo, subiri maoni ya wanunuzi kwenye Discogs, mtandao wa wakusanya santuri, mwezi mmoja hivi.

Dada Gitaa

Fundi, asante. Zile alama za hali ya santuri kwenye Record Collector na Goldmine mbona hazilingani?

Fundi Sindano

Hazilingani, na wauzaji wajanja wanalitumia hilo. Goldmine, jarida la wakusanyaji la Marekani, ina M (Mint, mpya kabisa), NM (Near Mint, karibu mpya), VG+, VG (Very Good), G (Good) na kushuka. Ukichukua NM kama bei kamili, VG+ ni nusu yake, VG ni robo, na G ni asilimia 10 hadi 15. Record Collector wana EX (Excellent) katikati, ambayo inakaribiana na VG+ ya Mmarekani. Kwa hiyo VG ya Uingereza na VG+ ya Marekani zisikuchanganye kwa sababu ya herufi.

Kitabu cha bei cha Record Collector hutaja bei ya nakala isiyo na dosari. Mtu akikuonyesha bei ya kitabuni halafu santuri ina mikwaruzo, mkumbushe asilimia hizo. Na "Good" haina maana ya nzuri. Ni santuri iliyochoka inayocheza bila kuruka.

Mama Kabati

Nihamie kwenye kutunza, hasa kwa wenzetu wa pwani.

Karatasi ya majarida haya imepakwa udongo mweupe na gundi ili ing'ae. Ikilowa, ile gundi hulainika, na ikikaukia imebanwa, kurasa zote huwa tofali moja. Hakuna dawa baada ya hapo. Jarida likilowa lishughulikie likiwa bado bichi: fungua kurasa moja moja taratibu, weka karatasi ya kuokea kati ya kila jozi, pepea kwa feni bila joto, badilisha karatasi zinapolowa. Kama yamelowa mengi kwa pamoja, yafunge kwenye mifuko ya plastiki uyatie friza ndani ya saa chache, kisha toa moja moja uyafanyie kazi. Friza haiponyi, inakununulia muda.

Unyevu wa pwani hupita asilimia 70 kwa urahisi, na ukungu hupenda kuanzia 65. Maktaba hulenga 35 hadi 50. Bila kiyoyozi hutafika, lenga chini ya 60. Kinachowezekana nyumbani ni boksi la plastiki la lita 20 hivi lenye kifuniko kinachobana, ndani yake gramu 50 za silika (punje zinazofyonza unyevu) na kipima unyevu kidogo. Chagua silika ya rangi ya machungwa inayogeuka kijani ikishiba. Ile ya bluu inayogeuka waridi ina chumvi ya kobalti, iepuke. Ikishiba, itie ovenini nyuzi 110 kwa saa mbili. Usifunge boksi siku ya mvua, utakuwa umefungia unyevu ndani.

Mifuko iwe ya polipropilini au polyesta. PVC, ile yenye harufu ya pazia jipya la bafuni, hutoa mvuke unaonata na kuvuta wino. Nafthalini nayo usiweke: harufu huingia kwenye karatasi na haitoki. Mende hufuata gundi ya mgongo, kwa hiyo usafi wa kabati unasaidia kuliko dawa.

Jarida lenye mgongo bapa halifunguliwi mpaka lilale mezani. Gundi yake hukakamaa na umri, na ukisikia "krak" jua kurasa zitaanza kutoka. Ukurasa uliotoka urudishe kwa uzi mwembamba wa gundi nyeupe ya PVA, ubane kwa kitabu kizito usiku kucha. Selotepu hapana, huacha doa la njano. Lililobanwa kwa pini, pini zikishika kutu, nyoosha miguu yake kutoka ndani kwa kisu butu, zitoe, kisha shona kwa uzi wa kitani ukipitia matundu yaleyale.

KavaGumu

Mama Kabati, ongeza habari ya CD za bure. Watu wanaziacha ndani ya jarida.

Mama Kabati

Zitoe siku hiyohiyo. CD ikikaa ndani huchora duara kwenye kava na kurasa zinazofuata, na duara hilo halitoki. Mfuko umeshikwa kwa matone ya gundi ya mpira: usivute, utang'oa rangi ya kava. Sukuma tone kwa kidole likijiviringisha. Likiwa limekauka, tumia kikausha nywele kwa joto la chini, umbali wa sentimita 20, sekunde chache tu. Andika namba ya toleo kwa penseli kwenye mfuko.

Mifuko ya karatasi ngumu hukwaruza CD kila ikitoka na kuingia, kwa hiyo ihamishie kwenye mfuko laini wa plastiki, ule wa karatasi uwe kumbukumbu. Kuifuta ni kutoka kitovuni kwenda nje, usizungushe. Na zile zenye maandishi "Made in U.K. by PDO" za 1988 hadi 1993, zinakili kwanza kabla ya zote. Rangi ya kinga ya kiwanda kile cha Blackburn haikuhimili salfa iliyomo kwenye karatasi, alumini ikaliwa, CD ikageuka rangi ya shaba kuanzia ukingoni. Ikifika kwenye data, nyimbo za mwisho ndizo huanza kuchanika, kwa sababu CD husomwa kutoka ndani kwenda nje.

Kunakili tumia programu ya Exact Audio Copy, hifadhi kwa FLAC, faili lisilopunguza ubora wa sauti. Hifadhidata za majina hukosea sana kwenye CD hizi, linganisha na orodha iliyochapwa kwenye mfuko.

Mnyamwezi wa Leeds

Kwa asiyetaka karatasi kabisa: maktaba nyingi za halmashauri Uingereza hutoa majarida bure kwa programu za Libby au PressReader ukiwa na kadi yao. Orodha hutofautiana, kwa hiyo angalia ya kwako. Makala za zamani za waandishi wa muziki ziko Rock's Backpages, hifadhi ya mtandaoni ya kulipia, ila vyuo vingi wanayo. Toleo la kidijitali halina CD.

Ukiskani ya kwako kwa matumizi yako, nukta 300 kwa inchi zinatosha kwa maandishi, 600 kwa picha. Picha za jarida ni vidoti, navyo hugongana na mpangilio wa skana vikatoa mawimbi. Washa kitufe cha kuondoa vidoti (descreen), au skani kwa 600 halafu upunguze hadi 300. Weka karatasi nyeusi nyuma ya ukurasa ili maandishi ya upande wa pili yasipenye. Pima upana kabla hujaanza, maana baadhi ya majarida yamezidi A4 kwa milimita kadhaa na skana itakula pambizo. Majina ya faili yaanze na jarida, kisha mwaka, mwezi wa kavani na namba ya toleo, yajipange yenyewe.