Tarehe 28 Aprili: tunamkumbuka vipi mwenzetu aliyefia kazini wakati ofisi haitaki jina lake litajwe?

Fundi wa Zamu
Wakuu habari zenu, naomba mawazo. Mwaka jana tulipoteza mwenzetu kiwandani, aliingia ndani ya mashine ya kuchanganyia kufanya usafi, aliyekuwa kwenye swichi hakujua kama kuna mtu ndani akawasha. Alikuwa kibarua wa wakala kwahiyo baada ya mazishi ofisi ikasema huyo sio wa kwetu, mpaka leo jina lake halipo popote. Sasa siku ya kuwakumbuka waliokufa na kuumia kazini inakaribia, wachache wetu tunataka tufanye kitu, menejimenti wakasikia wakaja na yao: fulana, bango na hotuba ya usalama, ila marehemu asitajwe eti italeta maneno. Moyo wangu unakataa kabisa. Mliowahi kufanya siku hii mlifanyaje?

Mzee wa Chama
Pole sana mkuu. Jina lisomwe, hapo msirudi nyuma. Siku hii haikutoka maofisini, vyama vya wafanyakazi vya Kanada ndo vilianza mwaka 1984, na tarehe 28 Aprili ilichaguliwa kwasababu siku hiyo mwaka 1914 mswada wa fidia kwa wafanyakazi ulisomwa mara ya tatu kwenye bunge la Ontario, jimbo la huko huko Kanada. Shirika la Kazi Duniani likaja kuingia 2003, wao wakaweka mkazo kwenye kuzuia ajali, ndo maana ofisi nyingi zinajua upande wa mabango tu. Mambo ya usalama ni mazuri sana, ila usalama bila kumtaja aliyekufa unakuwa kama hakuna kilichotokea. Sisi tunavaa utepe wa zambarau, tunasoma majina, tunanyamaza dakika moja, basi. Na kama mtu kafia kwenye mashine yenu ni wenu, mkataba alisaini na nani ni kesi nyingine.

Dada Mshonaji
Naomba niseme kwa niaba yetu tulioumia. Mimi vidole vyangu viwili vilienda na mashine, na siku kama hizi huwa tunawekwa nyuma, au unapewa bango ushike upigwe picha bila hata kuulizwa kama unataka. Waulizeni kwanza. Familia ya marehemu nayo iulizwe kabla hamjapanga chochote, sio wamkute ndugu yao kwenye fulana. Afu muulize na fidia imefikia wapi, maana mtu anakumbukwa kwa maua huku watoto wake wanazungushwa ofisi hii na ile, njoo kesho, lete karatasi nyingine. Hilo ndo linaloniuma kuliko hata mkono.

Vumbi Kifuani
Naongezea kitu kinachosahaulika sana. Makadirio ya Shirika la Kazi Duniani ni kwamba karibu watu milioni 3 wanakufa kila mwaka kwasababu ya kazi, na katika hao ajali ni kama 330,000, waliobaki wote ni magonjwa. Vumbi la mawe, asbesto, kemikali. Hao hawaanguki mbele za watu, wanastaafu wanakohoa wanafia nyumbani na hakuna anayeunganisha na kazi. Kama mnao wazee wa namna hiyo wawekeni kwenye orodha.

Mzee wa Chama
Kweli kabisa. Na mkishasoma majina msitawanyike, nendeni kwenye ile mashine. Rana Plaza, lile jengo la viwanda vya nguo kule Bangladeshi, nyufa zilionekana siku moja kabla, benki na maduka ya chini yakafungwa ila washonaji wakaamriwa warudi kazini, tarehe 24 Aprili 2013 jengo likaanguka, watu 1,134 wakafa. Hatari ilikuwa inajulikana. Kwahiyo muulize kwa sauti: leo mtu akiingia humo ndani kusafisha, swichi inafungwa kwa kufuli? Ufunguo anakaa nao nani? Inatakiwa akae nao yeye mwenyewe aliye ndani, mfukoni mwake, na wakiingia wawili kila mmoja na kufuli lake, sio kibao cha USIWASHE kimening'inizwa na kamba.

Fundi wa Zamu
Asanteni sana wote. Nimeongea na mjane, amekubali jina lisomwe ila picha hataki, na fidia hajapata hata shilingi, yaani wakala anamrusha kwa ofisi na ofisi inamrusha kwa wakala. Kufuli hatuna, ni kibao tu kama ulivyosema mzee. Tumekubaliana kabla ya tarehe 28 tuandike barua moja yenye mambo yote mawili, kufuli na fidia, na vibarua nao wasaini. Mwenye mfano wa barua ya hivyo naomba anitumie.