Watoto wa miaka 6 mpaka 8 wanaupiga mpira makofi, nianzie wapi?

mwalimu_chake
Asalaam alaykum jamani. Mie nasomesha skuli hapa Chake Chake na tokea mwezi uliopita nawachezesha basketi watoto wadogo baada ya alasiri, wapo 14, wanaume na wanawake, mipira nnayo mitatu tu na yote namba 7. Tatizo ni kudunda. Mtoto akipewa mpira anaupiga kofi kwa kiganja chote, mara mbili tatu ushamkimbia unaelekea barabarani, na muda wote kainamia chini kama anatafuta shilingi ilomdondoka. Nikiwapanga mstari mmoja adunde mpaka mwisho, wengine wanangoja wanachoka wanaanza kusukumana. Nawapenda sana hawa watoto, sitaki hata mmoja aondoke akisema mchezo huu umemshinda. Nianzie wapi?

kikapu_unguja
Waalaykum salaam mwalimu. Anzia kwenye mpira wenyewe. Namba 7 ni mpira wa wanaume wazima, uzito unapita nusu kilo, kijimkono cha miaka 6 kitauweza wapi? Tafuta namba 3, hao wa miaka 8 hata namba 5 wataimudu, na ukikosa kabisa mpira wowote wa raba unaodunda unafaa, hata wa tenisi. Angalia na upepo, ukiuachia kutoka begani kwako urudi karibu na kiuno, ukiishia magotini ushakufa huo, mtoto lazima autwange kwa nguvu zote na kofi ndo linapozaliwa hapo.

Sasa kiganja. Mie nilikuwa nasema "vidole, vidole" mpaka sauti inakauka na hawanielewi. Siku moja nikawapaka unga wa chaki mikononi, kila mmoja adunde mara kumi halafu tutizame mpira una alama gani. Wenye kiganja kizima wakajiona wenyewe, tukaufuta tukaanza tena, na haikuchukua muda wakawa wanashindana nani mpira wake una vidole vitupu. Waambie wausukume chini, mkono uufate kidogo, na wasiungoje upande juu ya kiuno. Wakianza wapige goti moja, mpira ukiwa chini hivo hauna pa kukimbilia, wakishauzoea ndo wasimame magoti yamekunjwa kidogo, mpira uwe ubavuni mwa mguu sio mbele ya vidole vya miguu.

Kuinua kichwa usiwakemee. Simama mbele yao onesha vidole vyako, vitatu, vitano, kimoja, wapige kelele hesabu huku wanadunda. Na wakikaa sawa weka vifuu chini wavizunguke.

mama_wa_watatu
Mwalimu Mungu akulipe kwa hiyo kazi. Jambo moja mtu halisemi, mkono wa kushoto. Watoto wetu tunawalea usile kwa kushoto, usimpe mtu kitu kwa kushoto, sasa ukimwambia adunde kwa kushoto wengine wanaona haya kabisa, mwanangu alikuwa anaficha mkono nyuma. Nilikaa naye nikamueleza kuwa mpira si chakula wala si salamu, hapa mikono yote miwili inafanya kazi, akafurahi. Waeleze mapema na wazazi wao pia. Na wasichana waruhusu mtandio wa kubana usiopepea, ule mrefu unawafunika macho wanaacha mpira kuushika mtandio. Na tafadhali wawahi chuoni, ukiwachelewesha madrasa wazazi watawatoa.

kocha_mstaafu
Yote mazuri ila vifuu hapana. Watoto hao nusu yao wako peku, akikanyaga kifuu ni kilio. Weka ndara zao wenyewe, si washazivua.

Na huo mstari mwalimu uvunje leo leo. Mchezo huu ulipoanza Marekani 1891 James Naismith, mwalimu alieubuni, hakuruhusu mtu kukimbia na mpira, ukiudaka unarusha kutoka hapo hapo uliposimama, kudunda kukaja baadae. Fanya hivo hivo. Mipira mitatu, vikundi vitatu vya watoto wanne au watano kwenye duara, anaedaka anadunda mara tatu pale alipo halafu anampasia mwenzake. Hakuna anaengoja zaidi ya dakika. Wiki mbili tu za hivo kabla ya kumwambia mtu atembee na mpira. Mie sikubaliani na wanaoanza na kukimbia, mtoto akikimbia kabla mkono haujaujua mpira anajifunza kuufukuza tu. Na wacheze kwenye saruji, kwenye mchanga mpira haurudi mtoto anadhani kosa ni lake.

mwalimu_chake
Jamani ahsanteni sana. Nimerudi kuwapa habari, namba 3 sijapata bado ila mzazi mmoja kaleta mipira miwili ya raba na ile namba 7 nikaijaza upepo, kumbe miwili ilikuwa imekufa kweli. Chaki wameipenda kupita kiasi hadi nguo nyeupe tupu, mama zao wanisamehe. Duara limemaliza ugomvi. La kushoto nililisema mbele ya wazazi na wakacheka wakakubali.

Jana kuna kabinti ka miaka 6, ndo kadogo kuliko wote, kamedunda kwa kushoto mara nne kichwa juu kananitazama mie. Ya tano mpira ukamgonga mguu ukamponyoka, akaufata mwenyewe akarudi kwenye duara.