Tupeane uzoefu: gari limeombewa, limechinjiwa, lakini ajasta hazijaguswa

Mwana wa Stendi
Wakuu, ile picha ya kosta inayozunguka kwenye magrupu tangu juzi mmeiona? Kioo cha mbele juu kuna aya, chini yake "Damu ya Yesu" (mwenye gari kaamua asikose upande wowote), kwenye kioo cha kati kinaning'inia kitambaa chekundu kilichoshonwa, halafu tairi la mbele kushoto waya zinachungulia.

Tuweke wazi hapa. Imani gani mnakutana nazo gereji, stendi na njiani, na chuma chenyewe kinasema nini. Si kukashifu dini ya mtu. Watu wa mabasi, malori na boda karibuni.

Fundi Upepo
Umegusa penyewe. Breki za upepo zina ujanja mmoja ambao asiyeujua lazima aseme jini.

Chukua semi moja iliyopinduka kwenye mteremko mrefu, tani karibu thelathini za saruji. Dereva kaanza kushuka na gia kubwa, mguu uko kwenye breki kidogokidogo muda wote. Kilomita ya kwanza shwari. Dramu (ngoma ya chuma ya gurudumu) zikianza kupata moto zinatanuka, yaani zinakimbia kutoka kwenye brek shuu (vibao vinavyozibana kwa ndani). Ule mkono unaotoka kwenye chemba (kopo la upepo linaloisukuma shuu) inabidi usafiri zaidi ili shuu iguse. Kama ajasta (kifaa cha kurekebisha nafasi kati ya shuu na dramu) zilikuwa zimelegea tangu mwanzo, mkono unafika mwisho wa chemba, unagota, na shuu haijabana. Sasa angalia anachokiona dereva: geji ya upepo imejaa, zaidi ya bar 7, king'ora hakilii, pedali ni ngumu mguuni, na gari linazidi kukimbia. Kwa akili ya kawaida breki ni nzima. Kwa hiyo "kuna mtu kazishika".

Anajaribu kurudisha gia. Injini inazunguka mno, gia inagoma kuingia, gari limebaki nyutro. Hapo hata ule msaada wa injini ameupoteza. Harufu, moshi, taa za mbele za wenzake zinampisha, kisha kona.

Gari lilipofika gereji: mikono ya chemba sita ilikuwa imepita kipimo. Chemba mbili za spring (zile ambazo spring yake inabana breki upepo ukiisha) zilikuwa zimefungwa kwa boliti kwa sababu zilivuja upepo, maana yake magurudumu yale hayakuwa na breki ya dharura kabisa. Dramu zimegeuka rangi ya bluu. Kwenye nguzo ya usukani hirizi ipo, haina hata mkwaruzo. Kijijini pale wakasema mlima umechukua chake.

Mzee wa Tela
Geji imejaa na gari halisimami. Hapo ndipo mtu mzima anaanza kutaja majina ya mashetani. Naunga mkono mia kwa mia.

Ngulumo
Hadithi tamu, ila mlima ule madereva wazuri pia wanafia. Ajasta zao nazo zimelegea? Wazee wanasema zamani pale palikuwa na mti wa tambiko, mkandarasi akaukata. Mnadharau mambo ya watu.

Fundi Upepo
@Ngulumo dereva mzuri bila chaki na futi ni abiria aliyekaa mbele. Pima hivi: gari tambarare, weka magogo kwenye magurudumu, zima injini, achia breki ya maegesho upepo ukiwa umejaa. Chora chaki kwenye mkono, pale unapotoka kwenye chemba. Mwenzako akanyage breki kwenye bar 6 hivi. Pima chaki imesogea kiasi gani. Chemba namba 30 (namba ni saizi yake) ya kawaida ikizidi milimita 51, gari halitoki. Ukiuvuta huo mkono wa chemba kwa nguvu zako, breki haijakanyagwa, usisogee zaidi ya milimita 16 hivi. Ajasta ya kawaida: bana mpaka shuu iguse dramu, kisha rudisha nyuma robo hadi nusu mzunguko. Dakika tano kwa gurudumu. Mti utaniambia nini hapo?

Ngulumo
Mti hautakwambia kitu, wewe ndiye umezibwa masikio.

Mwana wa Stendi
Jamani.

Ustadhi wa Kigamboni
Tutenganishe vitu. Dua ya safari ni kumshukuru Aliyetudhalilishia kipando ambacho kwa nguvu zetu tusingekiweza. Mwenye kuisoma kwa kuelewa anakiri kwamba kipando kina nguvu kuliko yeye, basi akikague. Na ipo hadithi aliyoipokea Tirmidhi: mtu aliuliza amfunge ngamia wake na kutawakali, au amwache na kutawakali? Mtume akamwambia mfunge, kisha tawakali, yaani mtegemee Mungu. Hirizi ya kununua kwa mganga haimo humo.

Mama Upendo
Ustadhi umesema vema, ila msiunganishe mafuta ya upako na hirizi. Wengine tunapaka matairi yote manne kwa imani na Mungu anaonekana.

Fundi Upepo
Mama yangu, shikamoo. Pakeni boneti, pakeni mlango, pakeni usukani kidogo. Chini msiguse. Mafuta ya zeituni yakidondokea kwenye diski, pedi inayanywa. Dalili: gari linavuta upande mmoja ukikanyaga breki, au gurudumu moja halishiki kabisa. Diski utaisafisha kwa dawa ya kusafishia breki, lakini pedi iliyokwisha kulowa hairudi, unabadilisha za pande zote mbili. Kuna watu wanazichoma moto eti mafuta yatoke. Gundi ya pedi nayo inaungua, siku nyingine inabanduka nzima.

Na chumvi ya mawe kwenye boneti, jamani, iacheni jikoni. Inakula rangi na vichwa vya betri.

Mama Upendo
Marahaba. Ya diski nimeipokea. Lakini usidhani Biblia ipo upande wa uzembe. Kumbukumbu la Torati 22:8, ukijenga nyumba mpya zungushia dari ukuta, mtu asianguke ukawa na damu juu ya nyumba yako. Ni amri hiyo, imekaa humohumo na amri nyingine. Wachungaji wangeihubiri siku ya kubariki mabasi.

Msafiri wa Nakuru
Hilo la ukuta limenifikisha Salgaa. Huku Kenya ile barabara ya Nakuru kwenda Eldoret imeombewa na kila dhehebu. Watu walisema damu inaita damu. Malori yalikuwa yanateremka yakiwa nyutro ili dereva abaki na mafuta ya kuuza, na hapakuwa na kitu katikati cha kutenganisha anayepanda na anayeshuka. Ikaja ajali ya Migaa, karibu na Salgaa, ya tarehe 31 Desemba 2017, watu 36. Baada ya hapo ndipo kuta za zege zikawekwa katikati. Lori likikosa breki sasa linasugua ukuta, halimtafuti wa upande ule.

Daraja la Nithi, hukuhuku Kenya, nalo ni hivyohivyo. Basi lililotumbukia Julai 2022 liliua zaidi ya watu 30, na wiki ile mazungumzo yote yalikuwa laana na matambiko. Simama pale juu utazame: mteremko mrefu mkali, kona, halafu daraja. Breki zilizochoka kileleni zinadaiwa kazi kubwa zaidi pale chini.

Kondakta Mstaafu
Na stika je? Kenya si ndiko walijaribu stika za kuwaambia abiria wapige kelele?

Msafiri wa Nakuru
Ndiyo, za "Zusha". Watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Georgetown, Habyarimana na Jack, walibandika ndani ya matatu ujumbe wa kumhimiza abiria amkemee dereva. Katika jaribio la kwanza madai ya bima ya magari yale yalishuka kwa nusu hadi theluthi mbili. Walirudia na magari mengi zaidi, yakashuka robo hadi theluthi. Karatasi tu! Ila inamwambia abiria afungue mdomo. Stika nyingi tulizonazo zinamwambia afumbe macho.

Dada Mbishi
Ukipiga kelele kwenye basi la bongo abiria wenzako ndio wanakugeukia: "Acha uchuro, utatuletea balaa." Kutaja ajali ndani ya gari ni mkosi, kukimbia 120 si mkosi.

Kondakta Mstaafu
Hahaha. Usitaje ajali. Sema "dereva, kuna mtoto anatapika". Anapunguza palepale.

Popo wa Lami
Mbona hamjamtaja mwanamke wa nguo nyeupe? Kila barabara kuu anaye. Mkisikiliza saa anazotokea ni zilezile, saa nane mpaka saa kumi na moja alfajiri. Huo ni muda ambao mwili unadai usingizi hata kama ulikunywa ndoo ya kahawa. Ubongo unaanza ndoto macho yakiwa wazi. Usingizi wa sekunde tatu kwenye spidi 80 ni mita 67 gari linajiendesha. Ukimwona huyo mama, usimpigie honi wala usisome kitu, tafuta sheli yenye taa ulale dakika ishirini. Kufungua dirisha na kutafuna pilipili kunakudanganya tu.

Halafu lile "gari limetokea ghafla, halikuwepo". Hesabu ni hii. Spidi 80 unasafiri mita 22 kwa sekunde. Mpaka ushtuke na mguu ufike kwenye breki, mita 33 zimekwenda. Kusimama kwenyewe, lami kavu na matairi mazima, mita kama 36. Jumla karibu 70. Taa za chini zinakuonyesha mita 40 mpaka 60. Yaani lori bovu lisilo na taa wala riflekta ukiliona umeshachelewa, hata ungekuwa nabii. Kwenye spidi 50 unahitaji mita kama 35, unasimama. Matawi ya mti barabarani usiku hayarudishi mwanga. Weka pembetatu, na isiwe mita tano nyuma ya tela, ipeleke mbali, hasa kabla ya kona.

Ngulumo
Na wanaomwona mchana?

Popo wa Lami
Wanaomwona mchana wameendesha usiku kucha.

Kijiwe Namba Moja
Boda hatujasikika. Abiria wengi wanaikataa helmeti wakisema watachukuliwa nyota na mtu aliyeivaa kabla, wengine wanahofia mba na jasho. Wa jasho ana hoja. Dawa ya wote wawili ni moja: kitambaa chembamba au kofia ya karatasi ndani, na bitana inayotoka ifuliwe kwa sabuni ianikwe. Kisichofaa ni wigi nene au kilemba kikubwa chini, helmeti inakaa juu kama chungu na inaruka kabla kichwa hakijafika chini. Mkanda wa kidevu upitishe vidole viwili tu. Tikisa kichwa: ngozi ya paji ikisogea pamoja na helmeti, saizi ni yako.

Iliyowahi kudundwa kwenye ajali itupwe. Lile povu la ndani likishaminywa halirudi, hata kama nje inang'aa. Na msiifute kwa petroli.

Tajiri Mtoto
Mwisho wa siku, siku yako ikifika imefika. Mkanda wenyewe unaweza kukunasa gari likiwaka.

Dada Mbishi
Na ikiwa haijafika, kwa nini uruke kupitia kioo? Funga mkanda. Kwa wa mbele unapunguza hatari ya kufa mpaka nusu. Magari mengi yanagonga na kupinduka, yanayowaka ni machache, na usipoufunga unazimia kabla hujautafuta mlango.

Mzee wa Tela
Turudi kwenye lile tairi la kosta. Tairi la mbele likipasuka, bana breki haraka ukae pembeni.

Popo wa Lami
Thubutu! Usiguse breki. Shika usukani kwa mikono miwili, toa mguu kwenye mafuta taratibu, acha gari lipungue lenyewe, ndipo usogee. Ukibana, uzito wote unaangukia upande uliopasuka.

Fundi Upepo
Popo yuko sahihi. Na tairi halipasuki kwa mkosi. Likiwa na upepo mdogo ubavu unakunjika kila mzunguko, unachemka ndani, nyuzi zinaachia. Pima asubuhi tairi likiwa baridi, usipunguze upepo njiani eti limepata moto. La mtumba angalia tarakimu nne mwisho wa maandishi ya DOT ubavuni mwa tairi: 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Kashata (meno ya tairi) zinaweza kuwa nzuri na mpira umeshakufa.

Mzee wa Tela
Sawa, ila kwenye dramu iliyopata moto tunamwaga maji, hilo nalo mtakataa?

Fundi Upepo
Nakataa. Chuma cha moto kikipigwa maji kinapasuka nyufa, safari inayofuata dramu inafunguka. Paki tambarare, weka magogo, usivute breki ya maegesho, subiri. Tairi likishika moto hapo ndipo maji, na mengi, si kidumu.

Kondakta Mstaafu
Fundi, ajasta za otomatiki nazo tunarudisha robo?

Fundi Upepo
Hapana, hizo usizibane kwa spana. Mkono ukizidi kipimo ujue ajasta imekufa au bushi za kamshafti zimelika. Kuibana unaficha ugonjwa siku chache. Badilisha zote mbili za ekseli moja. Na ile chemba ya spring msiifungue kienyeji, spring yake inaua mtu.

Mwana wa Stendi
Swali la mwisho kutoka inbox: tajiri ameshanunua kuku mweupe wa kuchinja kwenye kosta mpya kesho asubuhi. Afanyeje?

Mama Upendo
Amchinje nyumbani, apike, madereva na tingo wale.

Fundi Upepo
Tingo akinawa mikono aende akamwage maji ya tanki za upepo. Vali iko chini ya tanki, avute mpaka itoke hewa kavu. Yakitoka meupe yenye mafuta, aniletee kompresa.